Mzigo Wao, Jina Langu

Waliniletea rambirambi nikiwa hai. Walikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Xiaobei, wamevaa kama watu wanaokwenda matangani, wakakaa kwenye makochi na wengine juu ya marobota ya nguo za watoto yaliyojaa sebuleni. Kaka mmoja wa Unguja, ambaye ndiye tuliyemfanya mkubwa wetu pale Guangzhou, China, akatoa bahasha, akaiweka mezani na kuisogeza kwangu kwa vidole viwili.

"Tumejikusanya, dada. Si kitu kikubwa. Ni cha kukushika mkono."

Mama mmoja wa Mbeya akaiombea ile bahasha kwa jina la Yesu. Kaka wa Unguja naye akapiga dua. Wote wakaitikia amina mara mbili, moja ya kanisani na moja ya msikitini, na mimi nimekaa katikati yao kama maiti inayosubiri kuoshwa. Mimi nilikuwa nimewaomba saini. Sikuwaomba hela hata siku moja. Nilihangaika miezi kuwaomba saini zao, na wao wakaniletea bahasha.

Hasira ya siku ile bado ninayo. Watu wananiambia niiache, eti miaka imepita, eti inanizeesha. Waniache mimi kwanza.

Niwaeleze tulivyokuwa tunafanya kazi, maana bila hilo hamtajua kwa nini nilitaka kuwarushia bahasha yao usoni. Pale Guangzhou hakuna mfanyabiashara mdogo aliyeweza kujaza kontena peke yake. Wewe umenunua jinzi soko la Shahe, mwenzako ana majora ya vitambaa kutoka soko la Zhongda, mwingine ana simu na chaja, mwingine taa za ukumbini. Mnakusanya vyote kwenye ghala moja, mnapakia kontena moja, na kila mtu anagawana nauli kwa nafasi aliyochukua. Ili mizigo isichanganyike, kila mmoja anapiga alama yake kwenye marobota kwa rangi. Yangu ilikuwa duara jekundu lenye msalaba ndani. Tulizijua alama za wenzetu kuliko tulivyojua sura za watoto wao.

Lakini bandari ya Dar es Salaam haitaki kujua duara wala msalaba. Bandari inataka jina moja na namba moja ya mlipakodi, yaani TIN. Kwa hiyo kila kontena lilihitaji mtu tuliyemwita mwenye jina. Wengi hawakuwa na TIN, au walikuwa nayo wakailaza makusudi, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mimi nilikuwa na TIN safi. Nilikuwa na kibanda changu cha nguo za watoto Kariakoo, mdogo wangu wa kike anakiuza, na kila mwaka nilipeleka hesabu zake na kulipa nilichoambiwa. Basi ikawa kila kontena likifungwa, macho yanageukia kwangu. "Dada, weka jina." Naweka.

Malipo yangu yalikuwa nini? Marobota yangu hayakulipiwa nauli, na yalipakiwa mwisho, mlangoni, ili Dar es Salaam yatoke kwanza. Ndiyo hivyo tu. Kwa nafasi ya mlangoni nikawa mwenye mali ya watu wote. Ushuru wa forodha tulichanga sawasawa, sitawasingizia kwa hilo. Ila kodi ya mapato, ile ya faida mtu anayopata baada ya kuuza, kila mmoja alisema ni shauri lake mwenyewe, na shauri la wengi wao lilikuwa kutolipa.

Sasa ije Beijing na michezo yake ya Olimpiki, na viza zianze kubanwa. Mtaani kwetu askari wakawa wanasimama kwenye milango ya majengo ya biashara na kwenye lifti wanadai pasipoti, na hata michezo ilipokwisha, msako haukwisha. Watu waliokuwa wakipishana na askari kwa salamu sasa wakawa wanapita ngazi za nyuma. Wengine walijifungia ndani wakila tambi za pakiti. Pasipoti yangu ilikuwa kwa wakala wa viza, inatafutiwa nyongeza, na nilichokuwa nacho mkononi ni kipande cha stakabadhi. Kila nikimpigia wakala, jibu lilikuwa hilohilo: deng yi xia, subiri kidogo. Kidogo chake kilikuwa hakina mwisho.

Mama yangu alinipigia katika hali hiyo. Nilikuwa Shahe, asubuhi, nabishana bei ya jinzi na laoban, yule tajiri mwenye duka niliyezoea kununua kwake.

"Umeuza nyumba?" mama aliniuliza, hata salamu hakuna.

"Nyumba gani?"

"Nyumba gani tena? Hii ninayolala. Wamekuja vijana wawili wa kodi na mwenyekiti wa mtaa. Wamepima kwa utepe, ndani na nje. Mmoja amehesabu mpaka madirisha. Nimewaambia viatu wavue, hawakuvua."

Hapo lazima niseme juu ya nyumba hiyo. Mama alikuwa nesi wa serikali. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja na lori, wakatutoa kwenye nyumba ya kwanza, mama akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Hakuwahi kuwasamehe, na mimi sijawahi. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikimimina kwenye kiwanja Kihonda, Morogoro. Alisimamia kila tofali. Fundi alikuwa akimwogopa kuliko alivyomwogopa mkewe. Na watu wa ardhi walipokuja kuandika hati, mama aliwaambia waandike jina langu. Alisema siku akifa, asitokee mtu na lori.

Kwa hiyo kwenye makaratasi nyumba ilikuwa yangu. Watu wa mapato walikuwa wameangalia kumbukumbu za bandari, wakakuta kontena juu ya kontena, mwaka baada ya mwaka, yote kwa TIN ya mwanamke mmoja anayedai ana kibanda cha nguo za watoto. Wakajiambia huyu anatufanya wajinga. Wakanikadiria kodi ya mtu mwenye makontena yote yale, wakaongeza adhabu na riba, na nyumba pekee yenye jina langu wakaenda kuipima. Nilipanga kuwachukia, nikashindwa. Ningekuwa mimi ofisini kwao, ningefikiri hivyohivyo.

Muda wa kupinga makadirio ulikuwa mfupi, na ulikwisha mimi nikiwa Guangzhou na stakabadhi yangu, sina pasipoti ya kupandia ndege. Wakili niliyemtafuta kwa simu aliniambia mlango haujafungwa kabisa. Wanaweza kulisikiliza pingamizi lililochelewa, ukiwa na sababu ya kuchelewa na ushahidi. Sababu ninayo, nikasema. Ushahidi?

"Wenye mali wale," wakili alisema. "Waape kwa maandishi kwamba mizigo ilikuwa yao. Kila mtu na wake. Wanaweza?"

Nikamjibu bila kufikiri kwamba wanaweza. Hawa ni watu niliowapokea uwanja wa ndege wa Baiyun wakiwa hawajui hata kuomba maji. Niliwapikia ugali. Mmoja nilimkesha hospitali alipopasuliwa kidole tumbo. Saini ni kitu gani?

Nikaanza na mama wa Mbeya, kwa kuwa tulisali pamoja. Nilimkuta Zhongda anapapasa vitambaa vya mapazia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, machozi yakamlenga.

"Mwenzangu, mume wangu hajui hata kama nina mzigo kwenye kontena. Anajua nauza duka la watu. Nikisaini, ndoa yangu imekwisha."

"Na nyumba ya mama yangu?"

"Mungu atafanya njia," akasema, akamgeukia muuza vitambaa kumuuliza bei ya yadi.

Yule wa simu na chaja nilimfuata ghalani. Huyu alinichekesha kwa hasira. Alikuwa amesimama, kiwiko ameegemeza kwenye robota lenye alama yake, nyota ya bluu, kubwa kama sinia, rangi bado haijakauka vizuri.

"Nisaini mzigo gani, dada? Mimi sina mzigo."

"Na hilo uliloliegemea?"

Akaliangalia. Akaondoa kiwiko. "Hili sijui la nani."

Wengine walinipiga chenga. Nikipiga simu haipokelewi, nikifika dukani ametoka sasa hivi, nikikutana naye mgahawani anakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Watu wale wakiwaona askari wa viza walikimbia kwa mbio zilezile, kwa hiyo mazoezi walikuwa nayo.

Kaka wa Unguja angalau hakukimbia. Aliniita kwake, akanimiminia chai ya tangawizi, akazungumza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi ya yote. "Dada yangu, tafadhali nisikilize. Tukianza kutajana, watu wa kodi watatufuata sote. Watazama watu wangapi? Bora azame mmoja, sisi tuliobaki tumsaidie."

"Mmoja huyo ni nani?"

"Usiwe mkali, dada."

"Nauliza tu. Ni nani?"

Akaniongezea sukari kwenye chai ambayo sikuwa nimeigusa.

Nilimpigia wakili nikamwambia hakuna saini hata moja. Akasema kuna njia nyingine, lakini nisikate simu akiitaja. Akaitaja. Kwenda mahakamani, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, kuomba nitangazwe mufilisi.

Nilikata simu.

Kwetu sisi neno hilo halitamkwi mbele ya mwenyewe. Linasemwa akishaondoka, kwa sauti ya chini: kafilisika yule. Na pale Guangzhou lilikuwa zaidi ya aibu. Tuliishi kwa mali kauli. Laoban anakupa jinzi leo kwa neno lako tu, unauza, unalipa ukirudi. Mufilisi hana neno. Sheria inamtaka amwambie mtu anayemkopesha kwamba mimi ni mufilisi, na ukishamwambia hivyo laoban wa Shahe, atakujibu meiyou, hakuna, hata kama duka limejaa mpaka darini.

Nilipotulia nikampigia tena. Alikuwa anasubiri.

"Kufilisika si tusi, mama. Ni kesi," alisema. "Sikiliza. Wa kodi wakibaki peke yao, watauza nyumba kwanza, maswali baadaye. Mahakama ikikutangaza, mali yako yote inakwenda kwa Mpokezi Rasmi. Ni ofisa wa serikali. Wote wanaokudai wanapanga foleni kwake, na wa kodi pamoja nao. Kwa kodi ya karibuni watasimama mbele, kwa ile ya zamani watasimama na wenzao, lakini watasimama foleni. Riba haikimbii tena. Na Mpokezi, kabla hajauza kitu, lazima aulize: hiki ni cha nani kweli?"

"Na nyumba?"

"Nyumba ina jina lako, itaingia chunguni. Ila umeniambia nani aliijenga?"

"Mama. Kwa kiinua mgongo chake."

"Basi aje aape hivyo. Aseme nyumba ni yangu, jina la binti niliweka tu. Fundi yupo? Risiti za saruji zipo? Mpokezi hachukui mali ya mtu mwingine. Mama akisema ni yake, tuna kesi nzuri. Ninyi wote huko mna ugonjwa mmoja, mali ya huyu, jina la yule. Safari hii ugonjwa huo utakuponya."

Hiyo ndiyo sababu nilikubali. Sikukubali kwa ajili yangu. Kibanda cha Kariakoo wangekichukua, marobota yangu wangeyachukua, na yule laoban wa Shahe, aliyekuwa ananidai, angekuwa mtu wa mwisho kwenye foleni, yeye aliyenitendea haki miaka yote ile. Hilo bado linaniuma. Lakini mama angelala ndani ya nyumba yake.

Siku zile ofisa wa ubalozi alikuwa amekuja kutoka Beijing kusikiliza vilio vya watu wa viza, na alikaa kwenye ukumbi mdogo wa hoteli. Nilipanga foleni na makaratasi aliyonitumia wakili. Mbele yangu mtu analia pasipoti, nyuma yangu mtu analia pasipoti. Zamu yangu ikafika. Ofisa alikuwa kijana mwenye heshima, na heshima yake ikawa ya kusoma kwa sauti kila anachokigonga muhuri.

"Ombi la mdaiwa kutangazwa mufilisi," alisoma. Kisha akainua uso. "Ni wewe, dada?"

"Ni mimi. Niape wapi?"

Niliapa. Nilipogeuka, foleni nzima ilikuwa inanitazama. Nilipanda basi kurudi Xiaobei, na nilipofungua mlango, shoga yangu wa Temeke niliyekuwa nakaa naye alikuwa tayari anajua. Alikuwa amepigiwa simu na watu watatu. Na yeye peke yake, nimtendee haki, aliniambia wazi. "Shoga, jipange, watakuja. Hawaji kwa ajili yako. Wana kontena majini."

Nilikuwa nimelisahau. Kweli kabisa, katika kuhangaika kwangu nilikuwa nimesahau kwamba kontena moja lilikuwa limeshaondoka, lipo baharini, limejaa vitambaa vya mama wa Mbeya na simu za nyota ya bluu na taa za kaka wa Unguja, na BL yake, ile karatasi ya meli inayosema mzigo ni wa nani, ilikuwa imeandikwa jina langu. Na mimi nilikuwa nimetoka kuapa kwamba kila kilicho kwa jina langu apewe Mpokezi Rasmi.

Sasa mnaelewa zile amina mbili.

Nikaiangalia bahasha mezani. Nikawaangalia wao. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

"Ahsanteni," nikasema. "Kuna jingine?"

Wakaangaliana. Kaka wa Unguja akakohoa. "Kuna jambo dogo, dada. Hilo kontena lililopo njiani."

"Kontena langu?"

"Dada, jamani."

"Limeandikwa jina langu. Mlisema mwenye jina ni mimi. Huyu hapa aliniambia ghalani kwamba hana mzigo." Nikamnyooshea kidole mtu wa nyota ya bluu. "Kama hana mzigo, anahangaikia nini?"

"Mle mna mtaji wangu wote!" akaruka. "Zile simu ni zangu! Nimekopa kwa shemeji yangu!"

"Rudia."

"Nimesema ni zangu."

"Sema tena, mama wa Mbeya asikie. Na wewe mama, vile vitambaa ni vya nani? Vya duka la watu?"

Alilia. Safari hii sikumshika mkono. Niliwafokea wote, mmoja baada ya mmoja, mpaka jirani Mchina akagonga ukuta. Niliwaambia nilipowaomba waseme "ni yangu", midomo ilishonwa, na leo kila mtu anapiga kelele "yangu, yangu", kama kuku waliomwagiwa mtama. Niliwaambia dawa ipo na ni ileile. Waape kwa maandishi kwamba mzigo ni wao. Lakini waape kwa makontena yote, ya nyuma na hili.

Nikaona wanahesabu vichwani mwao. Ni mama wa Mbeya aliyesema, akifuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Hili tu, mwenzangu. Hili lililopo majini. Yale ya zamani yameshaliwa, tukiyasaini tunapata nini?"

Kaka wa Unguja akatikisa kichwa kukubaliana naye. "Hili tutasaini wote, dada, hata leo. Yale ya nyuma hatuyakumbuki."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuacha Mpokezi alichukue kontena lao lote, vitambaa na simu na taa, na nawaambieni niliifikiria raha ya jambo hilo kwa kirefu. Shoga yangu alikuwa mlangoni ananitazama. Naye alikuwa na marobota mle ndani, kidogo tu, viatu vya shule. Hakuwa ameniomba kitu.

"Nendeni kwa ofisa kabla hajarudi Beijing," nikasema. "Na bahasha yenu chukueni, mkalipie viapo."

Waliichukua. Nilidhani angalau mmoja angeona haya akaiacha. Kaka wa Unguja aliirudisha mfuko wa ndani wa koti, wakatoka wakiwa wepesi, na nikawasikia wanacheka wakisubiri lifti.

Waliapa wote, asubuhi moja, na mahakama ikanitangaza mufilisi. Mpokezi alizisoma karatasi zao, mzigo ukaachiwa wenyewe, na kwa kontena hilo moja tu sikudaiwa kodi. Alipowauliza kwa barua juu ya yaliyotangulia, walijibu kwamba hawajui. Mtu wa nyota ya bluu aliandika kwamba mimi hanifahamu vizuri.

Ilibaki nyumba. Nilimpigia mama karibu kila siku kumpanga. Sikumfundisha uongo. Nilimkumbusha kweli yake mwenyewe, kiwanja alinunua nani, tofali alilipa nani, nani alimgombeza fundi kwa kuiba nondo. Akawa ananijibu ndiyo, ndiyo, nimesikia. Wakili alimpata fundi, mzee sasa, akasema atakuja na kanzu yake ya Idi. Risiti za saruji zilipatikana ndani ya begi la unesi. Kila kitu kilikaa sawa. Nilianza hata kulala.

Siku aliyoitwa mbele ya Mpokezi nilikuwa Shahe. Sikuwa na cha kununua, mufilisi anunue nini, lakini sikuweza kukaa ndani. Nilisimama kwenye njia ile nyembamba, vijana wa mikokoteni wanapiga kelele nipishe, nimeshika simu mkononi. Ikalia.

"Nimetoka," mama alisema.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameuliza nani kajenga. Nimewaambia mimi. Fundi naye kasema, kaongea sana yule, kama kawaida yake. Karatasi za saruji wamezitazama."

"Halafu?"

"Halafu yule baba, mtu mzuri tu, amenipa na maji, akaniuliza: mama, kwa hiyo nyumba hii ni yako?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana. Ni ya mwanangu."

Nilipiga ukelele. Watu wa mikokoteni walisimama. Nilimwuliza mama yangu ana wazimu, maneno ambayo sijawahi kumwambia kabla wala baada. Nilimwambia kulikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na neno lenyewe lilikuwa kweli, na watu wenye mali zao wamekana mali zao, na wengine wameapa kwa kontena moja na kukana mengine, na wote wako salama wanakula kuku Xiaobei, na yeye tu, yeye aliyejenga kwa mikono yake, ndiye aliyeshindwa kusema "ni yangu". Nilifoka mpaka sauti ikakatika. Alinisikiliza. Mama alikuwa nesi, watu wamempigia kelele maisha yake yote.

"Umemaliza?" akasema. "Mimi nilijenga, nikakupa. Siku ile watu wa ardhi walipoandika jina lako sikuwa natania. Sasa niape kwa Mungu kwamba sikukupa? Ili iwe nini? Baba zako wadogo walisema hivyohivyo, kwamba marehemu hakutupa ile nyumba ya kwanza."

Nyumba iliuzwa. Pasipoti yangu ilitoka na muhuri wa siku chache za kufunga vitu, nikapanda ndege Baiyun na begi moja, na nilifika Morogoro mama ameshahamia kwenye vyumba viwili vya kupanga, ng'ambo ya barabara. Wa kodi walipata chao, na laoban wa Shahe, kama nilivyojua, hakupata kitu. Miaka ilipita, mahakama ikaniondolea ufilisi, leo nina kibanda tena na kinatosha.

Aliyeinunua nyumba ameipaka rangi ya machungwa na kukata mti wa mbele. Tukienda sokoni lazima tupite pale. Kila mara mama anapunguza mwendo, ananigusa kiwiko, anaionyesha kwa kidevu. "Nyumba yako hiyo," anasema. Na mimi kila mara nakasirika upya, namshika mkono tunavuka barabara.